Mguso wa Pili Haukutufikia

Siku ya kwanza kazini sikuchonga kitu. Mzee wa Banda, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wachongaji wote waliokaa chini ya yale mabati upande wa Mikocheni, alinipa gogo la mpingo akaniambia nilipakate kama mtoto hadi jioni. Mie nimetoka kwetu kusini na darasa langu la nne, nina njaa, nina nguvu za kubeba magunia sokoni, halafu naambiwa nipakate gogo.

Nikamuuliza, "Mzee, kazi ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo. Ukishaujua uzito wake hutalipiga tezo kipumbavu."

Tezo ni kile kishoka ambacho ulimi wake umegeuzwa kama jembe. Ndicho kinachotoa umbo. Baada ya tezo inakuja patasi, baada ya patasi tupa, na mwisho kabisa msasa, ambao ni kazi ya kina mama. Vijana wa siku hizi wana mashine ya umeme, wanamaliza twiga kabla chai haijapoa. Sawa. Lakini mpingo haujabadilika. Nje una nyama nyeupe, ndani ndio weusi wenyewe, na ukikosea hauna gundi wala marekebisho. Ukimkata mtume pua, pua imekwenda. Hapo unamtafutia kazi nyingine, unamfanya mkoma anayesubiri kutakaswa. Makanisani kuna wakoma wengi walioanza maisha yao wakiwa akina Petro, na waumini hawajui.

Maana sie hatukuwa watu wa tembo na twiga. Hao walikuwa kwenye mabanda mengine, wakiwauzia watalii. Banda letu lilichonga miujiza ya Injili. Parokia ikitaka harusi ya Kana kwa ajili ya ukuta wa nyuma, ikitaka yule mwanamke aliyeshika pindo la vazi, ikitaka mikate na samaki, walikuja kwetu. Mzee wa Banda hakujua kusoma, na wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla tezo halijagusa gogo, Katekista wa jirani alikuja kutusomea muujiza wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha tulibishana.

Msicheke. Ubishi ule ndio uliokuwa kazi. Msomaji wa kawaida akisoma kwamba watu walitoboa paa wakamshusha mwenye kupooza, anasema amina anageuza ukurasa. Mchongaji hawezi. Mwenye nyumba yuko wapi? Paa lake linatobolewa, ana uso gani? Amekasirika au anaogopa wageni? Injili imenyamaza, lakini gogo halinyamazi, lazima mtu yule awe na uso. Tulikuwa na mafundi Waislamu kutoka Temeke, hao walichonga umati, mitumbwi na milango, uso wa Nabii Isa hawakuugusa, na hakuna aliyewalazimisha. Lakini kwenye ubishi walikuwa wa mbele. Mmoja alisema mwenye nyumba lazima alikuwa amejishika kiuno, kwa sababu mwenye nyumba wake ndivyo alivyosimama mvua ilipoezua bati. Tukamchonga amejishika kiuno. Kila aliyeona alicheka.

Somo kubwa nililipata nilipochonga kipofu wangu wa kwanza, Bartimayo. Nilimfumba macho. Mzee wa Banda alikuja, akatazama, akaweka kiganja chake juu ya uso wa lile gogo kana kwamba anamfunika maiti.

"Huyu amelala," akasema.

"Ni kipofu, mzee."

"Kipofu hafumbi macho, we bwana. Macho yake yapo wazi. Ila ndani hamna mtu anayechungulia. Katafute namna ya kuchonga hilo."

Niliitafuta nikaipata, na nasema bila aibu kwamba katika mji huu hakuna aliyenizidi kwa vipofu. Kwa Lazaro vilevile. Wengine walikuwa wakiitupa ile nyama nyeupe ya mpingo. Mie ndiye niliyeiacha iwe sanda, uso ukabaki mweusi, Lazaro akatoka kaburini na vitambaa vyake vyeupe bila tone la rangi. Leo kila mtu anachonga hivyo na hakuna anayesema alijifunza kwa nani. Kwangu alijifunza.

Skolastika nilimkuta palepale bandani. Alikuwa wa msasa. Binti mwembamba kutoka wilaya ya jirani na kwetu, mdomo wake mkali kuliko patasi. Siku ya kwanza nilipompelekea kazi yangu aipige msasa aliigeuza, akapitisha kidole shingoni mwa malaika, akaniuliza, "Kaka, huyu malaika ana matezi?" Wenzangu walicheka wiki nzima. Nikamwoa. Ningefanya nini tena?

Kazi ya msasa watu wanaidharau. Unaanza na karatasi ya makali, unashuka hadi laini kabisa, halafu kitambaa, halafu nta. Kila hatua unapitisha kidole kutafuta mkwaruzo. Skolastika alifanya hivyo macho yake yakiangalia pembeni, anapiga soga na wenzake, kidole kinatembea peke yake. Alipomaliza, gogo lilikuwa ngozi. Mapadre walikuwa wakishika shavu la Mama Mtakatifu halafu wanauondoa mkono haraka, wanaona haya.

Mzee wa Banda alipofariki nilihama na wachongaji wachache nikafungua banda langu Mbezi, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Sikuwa na mjomba serikalini wala cheti. Lakini njooni mwone ile nyumba yenye geti la bluu. Chumba cha mbele kilijengwa na Lazaro, sebule ikajengwa na harusi ya Kana, na binti yetu Neema amesomeshwa na yule mtoto wa Yairo aliyeambiwa aamke. Kila tofali lina muujiza wake. Mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis na watu wakaanza kugombania viwanja, mie nilikuwa nimeshapiga plasta zamani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niketi niandike.

Kwenye kazi yetu kila mtu ana macho mekundu. Vumbi la mpingo linawasha, na dawa yetu ilikuwa chai ya rangi iliyopoa, unanawa nayo jioni. Skolastika alianza kulalamika kwamba anaona ukungu, tukamwambia anawe. Akanawa. Akawa anagonga ndoo, tukasema ana haraka. Akawa anamvisha Neema soksi za rangi tofauti, tukasema amechoka. Na kazi yake, ndugu zangu, haikushuka. Ilipanda! Vile vitu alivyovipiga msasa miaka ile ndivyo bora kuliko vyote. Mie nikiwaringia wateja, "Shika hapo, mwanamke wangu huyo, hana mpinzani." Hatukujua kwamba alikuwa amebakiza kidole tu. Fundi mwingine angepofuka kazi ingetushtua. Yeye kazi yake ndiyo iliyotuficha upofu wake.

Tulijua kwa sababu ya Lazaro. Tulikuwa tumemaliza Lazaro mkubwa wa kimo cha mtu, tukamsimamisha mlangoni mwa banda akisubiri gari. Skolastika akatoka nyuma na beseni, akasimama, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mzee. Karibu ndani, mbona umesimama juani?"

Banda zima likaangua kicheko. "Marahaba mama!" akaitikia mchonga mitumbwi kwa sauti nzito ya kaburini. Hata mie nilicheka hadi nikaegemea gogo. Skolastika naye akacheka, kwa kuwa sie tulicheka. Halafu nikaona bado amemgeukia Lazaro. Alikuwa anangoja mzee aingie.

 Nikalipokea lile beseni, na kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimpima Skolastika kwa muda mrefu, akanieleza kana kwamba anamweleza mtoto, nikashukuru. Alisema magonjwa ni mawili na yamekaa pamoja. Kuna mtoto wa jicho, ule utando mweupe, huo unatolewa kwa upasuaji. Na kuna presha ya jicho, ambayo haiumi wala haipigi kelele, inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni inakuja katikati, hadi mtu anaona dunia kama anachungulia kwenye tundu la kufuli.

"Mtoto wa jicho nitamtoa," akasema. "Mshipa uliokufa sina namna ya kuufufua."

Nikamwambia, "Daktari, kufufua ni kazi yangu miaka yote."

Akanitazama asijue kama namtania. "Wa mti, mzee wangu," akasema taratibu. "Wewe unafufua wa mti."

Wiki hizohizo Paroko wa kanisa moja la Sinza alinipa oda. Alitaka ubao mkubwa wa kipofu wa Betsaida. Nikamwambia, Baba, huyo sijawahi kuchonga. Akacheka, "Hakuna aliyewahi. Ndiyo maana namtaka kutoka kwako." Nikamwita Katekista wetu wa zamani, sasa mzee anayetembelea fimbo, aje atusomee kama zamani. Tukakaa uani, mie, wachongaji wangu na Skolastika akiwa na kikombe chake mkononi, kwa kuwa mezani alikuwa anakikosa.

Ambao hamuujui muujiza ule nawaambia kwa kifupi. Yesu alimshika kipofu mkono akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni, akamgusa, akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akasema anaona watu, lakini wako kama miti inayotembea. Ndipo akamgusa mara ya pili, akaona vizuri, akaambiwa aende nyumbani kwake.

Tukaanza ubishi. Mmoja akasema mguso wa kwanza haukuwa na nguvu ya kutosha, Katekista akamkemea. Mwingine akasema kipofu hakuwa na imani. Skolastika akauliza, "Kwani kwa nini hakunyamaza? Alikuwa haoni kabisa, sasa anaona miti inatembea. Mie ningesema asante nikaondoka kabla giza halijarudi."

Katekista akamgeukia. "Mwanangu, aliulizwa. Katika wote walioponywa, huyu peke yake ndiye aliyeulizwa anaona nini. Akajibu alichokiona, basi. Hakuongeza."

"Na asingesema?"

"Angerudi nyumbani na miti yake."

Skolastika akanywa chai. "Baba Neema," akaniambia, "mchonge uso wa mtu asiyetaka kumkosea adabu aliyemsaidia."

Ubao ule niliugawa sehemu mbili. Kushoto mguso wa kwanza, kulia mguso wa pili. Nilianza kushoto siku chache kabla Skolastika hajapasuliwa jicho la kwanza.

Walipofungua bandeji nilikuwepo. Daktari akamuuliza anaona nini. Skolastika aliinamisha kichwa kidogo kama anasikiliza.

"Naona kitu kinene kimesimama pale."

"Ndiyo mie huyo!" nikapiga kelele, wauguzi wakanigeukia.

"Nilidhani ni kabati," akasema. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka chini ya jicho lililovimba. "Baba Neema, unaona? Ni kama magogo yamesimamishwa. Yanatembea."

Hakuna aliyeelewa mle ndani zaidi yetu sie wawili. Nilimshika mikono. Mie si mtu wa kulia hovyo, lakini siku ile nililia kwa furaha, kwa sababu hadithi nilikuwa naijua hadi mwisho. Mguso wa kwanza umefika. Limebaki jicho la pili. Nani katika Dar es Salaam hii amechonga miujiza kunishinda? Nani amewapa vipofu macho mengi zaidi? Nilikuwa na uhakika kabisa, kama mtu anayejua kesho ni Jumapili. Nikarudi bandani nikamaliza upande wa kushoto kwa siku chache, na upande wa kulia nikauacha gogo tupu. Nikawaambia vijana wasiuguse. Utachongwa Mama Neema akiona.

Jicho la pili lilipasuliwa. Walipofungua bandeji, daktari akauliza swali lilelile, na Skolastika akageuza uso huku na huku, taratibu, akitafuta.

"Hapa hapana kitu," akasema.

Wakangoja, wakampima tena, wakatia matone. Hapakuwa na kitu. Na lile jicho la kwanza nalo, msimu wa mvua ulipoingia, magogo yakaanza kupungua. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikamuuliza, "Mie niko wapi?" Mwanzoni alinionyesha. Baadaye alinionyesha kwa kufuata sauti yangu, nikajua. Nikaanza kusimama bila kusema. Mkono wake ukawa unaelekea dirishani, kwenye mwanga. Mwisho haukuelekea popote.

Majirani wakatushauri. Kulikuwa na mhubiri aliyefunga turubai uwanjani, watu wanaanguka, wanatupa magongo. Sikumpenda wala sikumchukia. Skolastika akasema, "Twende. Kuomba si kosa." Akaitwa mbele, akaombewa kwa sauti kubwa, mhubiri akanyoosha vidole mbele ya uso wake, akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Mama, unaona vidole vingapi?"

Dada mmoja aliyekuwa nyuma yake akamnong'oneza, "Sema viwili, mama. Pokea!"

Skolastika akasema kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia, "Mtumishi, sivioni. Ila mkono wako unanukia vizuri."

Watu wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mhubiri akasema imani yake ni ndogo, akamwita mwingine. Wakati tunatoka nilikuwa nimechemka. "Si ungesema tu viwili! Yule alikuwa amenyoosha viwili kweli!"

Akaniuliza, "Halafu ningerudi nyumbani na nini?"



Paroko alikuwa anangojea ubao wake. Alikuja mwenyewe Mbezi, akakaa na Skolastika, akamwombea kwa sauti ya chini, halafu akanifuata bandani akautazama upande wa kulia ulio gogo tupu.

"Ukitaka uache hivi, nitauchukua hivi," akasema.

"Hapana, Baba. Mie sijawahi kutoa kazi nusu."

Nikauchonga. Nilichonga mguso wa pili, mtu ameinua uso, macho yake yana mtu ndani anayechungulia, anaona majani, anaona kila mtu alivyo. Mapadre waliokuja kuuona baadaye walisema ni kazi yangu kubwa kuliko zote, na wana haki. Niliichonga kwa hasira ambayo bado sijajua nimpelekee nani. Kila patasi niliyopiga niliuliza huyu ana nini ambacho wangu hana. Alisema kweli alipoulizwa? Wangu naye alisema. Mbele ya uwanja mzima alisema.

Halafu nikafika mahali pa msasa. Ningeweza kumpa mtu mwingine. Skolastika akasikia harufu ya mpingo mbichi, akaja na kiti chake. "Lete," akasema.

Aliupiga msasa upande wote wa kulia. Karatasi ya makali, ya kati, laini, kitambaa. Kidole chake kikapanda shingoni, kikapita kidevuni, kikafika machoni. Kikakaa hapo. Mie nilikuwa nimesimama na chupa ya nta, natamani kumnyang'anya lile gogo.

"Huyu anaona," akasema.

"Ndiyo."

"Umempatia, Baba Neema. Anaona vizuri kabisa." Akapuliza vumbi kwenye zile kope, akaendelea.

Baada ya ubao ule niliweka tezo chini. Watu wanadhani ni mgongo. Sijafika sitini, mgongo wangu mzima. Vijana wangu wanaendelea na banda, wanachonga vizuri, siyo kama mie. Miujiza bado inaagizwa. Mkinipita njiani mkaniuliza kama naiamini baada ya hayo yote, nawajibu kwamba naiamini. Nimeishika yote kwa mikono yangu. Ninachowauliza makatekista, na hawajanipa jibu la kunitosha, ni kwa nini Injili imeandika waliopona tu. Kwenye lile bwawa la uponyaji palikuwa na wagonjwa tele, akaponywa mmoja. Wale wengine jioni walikunja mikeka yao wakaenda wapi? Nani aliwashika mkono? Sijawahi kuletewa oda ya hao.

Na kwenu mnaofanya kazi hii, nawaomba kitu kimoja. Msipime macho ya mtu kwa uzuri wa kazi yake. Mpelekeni hospitali angali anacheka.

Siku hizi kazi yangu ni kumwonyesha. Tunakaa barazani, anauliza nani anapita, namweleza. Hataki nimfupishie. Nikisema ni mama muuza vitumbua anauliza amevaa nini, amenuna au hajanuna, na yule binti yake mimba imefikia wapi. Najisifu hapa pia: hakuna mtu anayeelezwa mtaa kama anavyoelezwa mke wangu.

Juzi mchana barabara ilikuwa tupu, sina wa kumweleza. Akasema, "Basi nielezee wewe. Uko vipi sasa?"

"Nilivyokuwa. Kijana, mweusi, mzuri wa sura."

Akanyoosha mkono akaupata uso wangu. Alianzia kwenye paji, akashuka taratibu kwenye mikunjo ya macho, akapita kwenye mashavu yaliyolegea, akafika kwenye ndevu, ambazo hajui kwamba zimekuwa nyeupe. Hakuruka mahali. Mie nilitulia kama gogo.

"Mwongo wewe," akasema, mkono wake bado uko shavuni. "Kumbe umezeeka peke yako."